Gari Linachemka, Mzee Anasubiri

Jumatatu, 2 Februari

Siku mbaya. Mbaya sana, lakini nimeificha vizuri.

Nianze na jana. Kikao cha familia kule Loresho, nyumbani kwa mwanyumba wangu Norman. Norman amemwoa Annah, dada mkubwa wa mke wangu Ndunge. Ana bustani. Ana mbwa anayekula nyama kila siku. Ana gari jipya linaloongea. Baba mkwe wetu, Mzee Kilonzo, anakaa kwao tangu jicho lake la kushoto lilipoanza kufunga. La kulia lilikufa zamani. Ijumaa saa mbili asubuhi atapasuliwa mtoto wa jicho katika hospitali ya macho mjini. Daktari alisema wazi: akichelewa, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na yeye atangoja hadi baada ya Pasaka. Kufika Pasaka jicho litakuwaje, daktari hakutaka kusema.

Norman akafungua mdomo aseme atampeleka. Nikamtangulia! Nikatangaza kwamba Baba atapelekwa na mimi, kwa gari langu, kwa heshima zote. Annah akakohoa. Ndunge akaangalia sakafu. Lakini Mzee akageuza uso wake kuelekea nilipokuwa (aliangalia pazia, lakini nilielewa) akasema, "Sawa. Joash hajawahi kunipeleka mahali."

Ushindi! Maana Mzee ana duka la vifaa vya ujenzi pale Dagoretti Corner, na amesema akishapona atamkabidhi mmoja wetu aliendeshe. Mmoja wetu! Mimi nauza bima, napanda ngazi za maofisi ya watu mjini mwaka baada ya mwaka. Magoti yangu yanataka duka.

Sasa leo. Tuko Dagoretti Corner, jam ya jioni, Ndunge kando yangu. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Polepole kwanza, kama mtu anayeinuka kanisani kutoa ushuhuda. Halafu juu kabisa. Mvuke ukatoka chini ya boneti. Mama anayechoma mahindi pale kando akahamisha jiko lake.

Nikamwambia Ndunge gari limechoka tu, na kwa umri wake lina haki. Akauliza mbona Jumamosi tulitoka Ngong mbio bila kusimama na halikuchemka, na leo halijakimbia hata kidogo, limesimama tu, ndipo linachemka. Nikamjibu hayo ni mambo ya ufundi. Akanyamaza. Ndunge akinyamaza hajakubali.

Na nani apite wakati huohuo? Norman! Akashusha kioo. Akauliza kama tunataka msaada. Nikasema tunapumzisha injini, ndivyo kitabu cha gari kinavyoshauri. Akasema gari lake halina haja ya kitabu, linamwambia lenyewe.

Namchukia.

Jumanne, 3 Februari

Nimegundua tatizo. Maji! Gari linakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Nikiongeza maji, habari imekwisha.

Nilifika mjini saa ya jam, mshale ukiwa juu tena, nikaegesha nyuma ya ofisi. Sikutaka kupoteza wakati. Nikakunja leso ya Ndunge, nikashika kifuniko cha rejeta, nikazungusha.

Lo!

Maji yaliruka kama bomba la jiji lililopasuka. Rangi ya chai ya maziwa, moto wa chai ya maziwa. Nikapiga yowe hadi mlinzi akapuliza filimbi. Mkono wa kulia umefungwa bandeji sasa, na leso haifai hata kupangusa viatu. Juu ya kifuniko pameandikwa kwamba hakifunguliwi injini ikiwa moto. Kwa maandishi madogo sana. Watu wa namna hiyo hawataki kweli usome.

Nyumbani nikamwambia Ndunge nimemwagikiwa na chai kwa mteja. Akauliza mteja gani anayepika chai kwenye leso yake. Nikaenda kuoga.

Jioni Mzee akanipigia simu. Nilidhani Norman amenichongea. Hapana. Aliuliza kama gari liko salama. Nikasema ni kama jipya. Halafu hakukata simu. Nikamsikia akipumua. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anaogopa kile kisu, na hajawaambia akina Annah kwa sababu Annah atalia na Norman ataleta daktari wa pili na wa tatu. Akasema, "Nikifumba macho naona Kitui yote, hata mbuzi. Nikifumbua sioni kitu. Hili jicho moja, Joash. Ndilo limebaki."

Nikamwambia Ijumaa atafika mapema kabla ya daktari mwenyewe. Nilimaanisha. Ameniambia mimi, si Norman! Nimekaa na simu mkononi kwa muda. Mkono unawaka moto.

Jumatano, 4 Februari

Haikuwa maji. Nimeyajaza na bado. Ni themostati!

Hili nimelipata jana usiku kwa jirani yetu Sammy hapa Jamhuri. Themostati ni kimlango kidogo ndani ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, ikipata joto kinafungua maji yaende kwenye rejeta kupoa. Kikikwama kimefungwa, maji hayaendi popote, yanachemka. Sammy aling'oa cha kwake akakitupa. Gari lake liliishi vizuri mpaka alipoliuza. Nikauliza alimuuzia nani. Akasema mtu wa mbali.

Nikang'oa changu. Kwa mkono mmoja! Nati moja ilianguka mahali ambapo hakuna atakayeiona tena. Nikafunga zilizobaki kwa nguvu zaidi, itakuwa sawa.

Kisha majaribio. Niliondoka kabla mji haujaamka, nikapiga Ngong Road hadi Karen na kurudi. Barabara tupu, upepo, redio. Mshale umelala chini kama mtoto aliyeshiba! Nikapiga picha mshale huo na kuituma kwenye kundi la familia. Nikaandika, "Ijumaa ni Ijumaa." Annah akatuma mikono ya maombi. Norman akatuma kidole gumba. Kimoja tu. Wivu.

Jioni nikirudi, jam kuanzia mjini hadi nyumbani. Mshale ukapanda.

Nikazima redio, nikazima taa, nikajishusha kwenye kiti ili niwe mwepesi. Ukapanda. Kila magari yaliposogea kidogo, ulisita, yaliposimama, ulipanda. Nikaanza kuongea nao. Nikauahidi mambo. Nilifika getini Jamhuri mvuke ukiwa mbele yangu kama wingu la wana wa Israeli. Nikaegesha upande wa nyuma wa nyumba, ambapo Ndunge haoni.

Ameona.

Alhamisi, 5 Februari

Siku ya mwisho kabla ya siku yenyewe.

Nimekubali kwenda kwa fundi. Mutie, Dagoretti Corner, karibu na duka la Mzee. Mutie anapenda kutisha watu. Kabla sijazima injini alikuwa ameshasema gasketi ya hedi imeungua. Akaeleza: ikiungua, moto wa injini unaingia kwenye maji, maji yanaingia kwenye oili, na gari linakuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Nikakaa juu ya tairi kuukuu.

Akafungua kifuniko cha oili. Angekuta povu jeupe kama uji, kwaheri. Hakuna povu. Akaangalia moshi wa nyuma. Ungekuwa mweupe mzito, kwaheri. Haukuwa mweupe. Akafungua rejeta ikiwa baridi (anajua), akaniambia niwashe, akatazama kama maji yanatoa mapovu. Hayakutoa. Nikataka kumkumbatia. Akaonekana amevunjika moyo kidogo.

Akasema basi inaweza kuwa pampu ya maji, au rejeta imeziba, au feni. Akasema tuliache gari liwake likiwa limesimama hadi lipate joto, tuangalie. Nikakataa! Kusimama ni kuchoma petroli bure. Nikasema gari hupimwa barabarani. Akachukua usukani, tukaenda mpaka Karen na kurudi, yeye akiimba njia nzima. Mshale chini. Hata haukujitikisa.

Mutie akakuna kichwa. "Boss, gari iko sawa. Ama haiko sawa. Niachie kesho nzima nitajua."

Kesho! Nikamnyang'anya funguo. Akanipigia kelele nikiondoka kwamba likianza kuchemka niwashe hita hadi mwisho, itavuta joto kutoka kwenye injini. Hilo nimelishika.

Chakula cha jioni, Ndunge akasema maneno machache. Norman ampeleke Baba. Hakuna aibu. Mimi nikae nyuma nimshike mkono mzee, kazi nzuri pia. Nikamwuliza kama anataka Norman apate duka. Akasema yeye anataka baba yake aone.

Nikaongeza ugali.

Halafu nikapata taarifa mbaya: Norman anapanga kutufuata kwa nyuma kesho, na gari lake linaloongea, "ikitokea lolote". Mbele ya Mzee! Atakuwa anangoja tu mvuke wa kwanza, kama kunguru. Kwa hiyo nimempigia simu, sauti ya upole. Nimemwambia hospitali imesogeza upasuaji hadi saa tano. Mimi nitamchukua Mzee mapema kwa ajili ya vipimo tu. Yeye asiharibu siku yake. Norman akashukuru sana. Akasema basi ataondoka alfajiri akaangalie kazi yake Naivasha, kisha arudi moja kwa moja hospitali. Atamwambia Annah aende shuleni kwanza akafundishe.

Akili! Akili tupu!

Ijumaa, 6 Februari

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Ndunge alitangulia mjini kumwandikisha baba yake. Mimi nikafika Loresho, Norman keshaondoka. Mzee alikuwa mlangoni amevaa suti ya kahawia, tai na kofia. Hajala wala kunywa tangu jana usiku, ndivyo walivyoagizwa. Nikamshika mkono hadi garini. Akapapasa dashibodi yote kama anayesalimia ng'ombe, akasema ni gari zuri. Nusura nilie.

Waiyaki Way ilikuwa inatembea. Mshale chini. Upepo. Nikamweleza jinsi ambavyo ningelipanga duka lake, misumari upande huu, rangi upande ule. Akasikiliza. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote za wiki hii.

Karibu na Westlands polisi akainua mkono. Msafara wa mkubwa fulani unapita. Kila kitu kikasimama.

Tukakaa. Juu yetu magari yalikuwa yakipita kwenye ile barabara ya kulipia, fyuu, fyuu. Nimeapa sitaipanda, ni ya akina Norman. Mshale ukaamka. Nikautazama. Ukanitazama. Nikawasha hita hadi mwisho.

Joto likatumwagikia miguuni, kisha usoni. Nikashusha vioo, nje nako jua limeshapanda. Mzee akalegeza tai. Kisha akavua kofia. Jasho likamshuka hadi kwenye kola.

"Joash, hapa ni Nairobi ama Kitui?"

Nikasema ni mpango maalum wa kulegeza mishipa kabla ya upasuaji. Akasema Kitui afadhali, kuna kivuli.

Msafara ukapita. Pikipiki, magari meusi, pikipiki. Polisi hakushusha mkono. Msafara mwingine unakuja! Mshale ukagonga mwisho. Harufu tamu ya maji ya rejeta ikajaa gari. Mzee akauliza ni harufu ya nini. Nikasema maua. Injini ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Mvuke ukapanda mbele yetu mzito hivi kwamba na mimi pia sikuona kitu. Honi nyuma. Honi pande zote.

Mzee akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia bado mapema, tuna wakati tele. Papo hapo redio ya gari la jirani ikatangaza saa. Mzee akaisikia. Mimi pia.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali.

"Mimi sioni, Joash. Sijawa mjinga. Mpigie Norman."

Nikatazama nje. Nikasema Norman yuko Naivasha.

"Anafanya nini Naivasha siku ya jicho langu?"

Ningeweza kutunga jambo. Nilikuwa nalo tayari. Lakini uso wake ulikuwa umeelekea kwangu hasa, si kwenye pazia wala mlango, na ule weupe kwenye jicho lake ulikuwa karibu sana. Nikamwambia ukweli. Kwamba nilimdanganya Norman ni saa tano.

Akavaa kofia, akapapasa mlango, akaupata, akatoka.

Mzee asiyeona, katikati ya Waiyaki Way, mikono mbele, kofia kichwani, akielekea mjini kwa miguu! Akagonga kioo cha pembeni cha gari la mtu, akaomba radhi. Nikamkimbilia. Gari nikaliacha pale linafuka. Polisi akanipigia kelele. Sikugeuka. Nikamshika mkono, akautoa. Nikaushika tena. Akauacha.

Nikapiga mluzi, boda akaja. Kijana anaitwa Kitavi, nilimwuliza jina ili nijue nitamlaumu nani. Akasema anabeba mmoja. Nikamwonyesha macho ya mzee. Akatazama, akasogea mbele kwenye kiti. Tukapanda mshikaki: Kitavi, Mzee katikati, mimi nyuma nikimkumbatia baba mkwe wangu kiunoni, jambo ambalo kwetu Siaya ni mwiko na nadhani hata kwao. Tukapita kati ya magari. Mzee alikuwa akisema maneno kwa Kikamba njia nzima. Sijui kama alikuwa anaomba au ananilaani. Kitavi anakijua Kikamba. Alikataa kunitafsiria.

Ndunge alikuwa getini. Alituona tukishuka. Hakuuliza gari liko wapi. Alimshika baba yake upande mmoja, akanitazama mara moja, basi.

Tumefika kwa wakati! Nilitaka kushangilia. Ndipo Sista Wangui akamfunga Mzee ule mpira wa presha mkononi.

Presha iko juu. Juu sana. Akasema kwa presha hii hakuna daktari atakayegusa jicho. Daktari akaja, akatazama, akasema atamtanguliza mgonjwa mwingine. Ikiwa imeshuka atakapommaliza huyo, sawa. Isiposhuka, arudi baada ya Pasaka.

Nikakaa karibu na kitanda nimtulize. Nikamwambia Baba asiwe na wasiwasi, gari ni kitu kidogo, litatengenezwa. Sista akapima. Imepanda. Nikamwambia basi afikirie mbuzi wa Kitui. Akapima. Imepanda tena. Sista akaniangalia, akaangalia mashine, akaniomba nikae nje. Baadaye nikachungulia mlangoni kidogo tu kuona hali. Mashine ikalia. Ndunge akaja akafunga mlango usoni pangu.

Nimekaa hapa. Sijapanga lolote. Nimejaribu, hakuna kinachokuja. Nafikiria tu yale aliyoniambia kwenye simu Jumanne, kwamba ndilo limebaki. Kama atarudi Loresho jioni hii haoni, itakuwa ni mimi. Si fundi, si polisi, si msafara. Nimesali. Sala fupi, bila masharti.

Baadaye

Mlango ulifunguliwa. Kitanda kikatoka na magurudumu yake yakilia, Mzee amevalishwa kofia ya kijani. Presha imeshuka! Ndunge alikuwa akimwimbia nyimbo za mama yake, akisahau maneno, na Mzee akimsahihisha. Alipopitishwa mbele yangu akasema, "Huyo ni Joash? Mwambie asiingie."

Norman akafika amejaa vumbi la Naivasha, Annah nyuma yake. Annah alinitukana vizuri, nilistahili. Nikamngojea Norman. Akaketi kwenye benchi langu, akafungua karatasi, akanipa nusu ya chapati yake.

Hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumamosi, 7 Februari

Wamemfungua bandeji leo asubuhi.

Tulisimama mstari. Mzee alipepesa. Jicho lilitoa machozi, likatulia. Akamtazama Annah. Akamtazama Ndunge, kwa muda mrefu, akamwambia anafanana na mama yake kuliko alivyokumbuka. Ndunge akatoka nje. Akamtazama Norman, akamwambia shati lake lina doa. Halafu mimi.

"Joash. Una mvi."

Nilisema ni za wiki hii. Akacheka! Mzee akacheka, na mimi nikatazama dirisha kwa sababu zangu.

Kisha duka. Nikasimama wima. Akasema funguo za duka atampa Ndunge. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba alisema mmoja wetu. Akasema ndiyo, mmoja wenu. Hakuwahi kusema mkwe. Norman akacheka hadi akakaa chini. Nikaona kwamba na yeye alikuwa analitaka lile duka. Kumbe!

Sasa gari. Jana jioni Ndunge alienda na Mutie kulitafuta. Polisi walikuwa wamelisukuma pembeni. Mutie akatafuta tena mapovu na uji kwenye oili, hakuna, akasema Mungu ananipenda bila sababu. Akaweka maji, akataka kuliendesha. Ndunge akamkataza. Akamwambia aliache limesimama, linawaka, boneti wazi. Wakasubiri. Mshale ukapanda, na feni haikuzunguka hata kidogo. Mutie akaunganisha waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, feni ikazunguka. Kwa hiyo feni ni nzima. Wakafuata nyaya, wakakuta fyuzi imeungua. Kadude kadogo kama ukucha! Wakaweka nyingine, mshale ukapanda hadi katikati, feni ikanguruma, mshale ukabaki hapohapo.

Ndunge akanieleza mezani, polepole, kama anaeleza mtoto: gari likikimbia, upepo unapoza rejeta. Likisimama, upepo hakuna, ni feni peke yake. Ndiyo sababu lilikuwa linachemka kwenye jam tu. Akasema aliniambia Jumatatu.

Nikamjibu kwamba nilikuwa nimeshaishuku feni tangu mwanzo, ila fundi mzuri huondoa kwanza mambo mengine yote. Mutie ameweka themostati mpya. Ameuliza ile nati nyingine iko wapi. Nimesema sijui anazungumzia nini.

Jumapili, 15 Februari

Ibada ya shukrani kwa ajili ya jicho la Mzee, kanisani kwetu Jamhuri. Familia yote ilikuja, hata watu wa Loresho. Mzee alisoma Zaburi mwenyewe, kwa miwani mipya, bila kukosea. Kanisa likasimama. Nilipiga makofi kuliko wote, nikiwa mtu niliyemfikisha hospitalini.

Mwishoni Mchungaji Lazarus akatoa tangazo. Binti wa kanisa, Veronicah, anaolewa Jumamosi ijayo huko Machakos, na gari lililokuwa limbebe limepata ajali ndogo. Nani mwenye moyo wa kujitolea gari la bibi harusi?

Niliuona mkono wa Norman ukianza kupanda. Nikasimama! Nikasimama juu ya kiatu cha mtu, lakini nikasimama. Nikasema bibi harusi atabebwa na mimi, kwa gari langu, kwa heshima zote. Mchungaji akasita. Akauliza kama ni lile jeupe. Nikasema ndilo, na limefanyiwa ukarabati mkubwa. Watu wakapiga makofi machache.

Ndunge akanitazama. Sikumtazama. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama upya kutoka juu hadi chini, kama mtu anayetaka kuhakikisha jicho linafanya kazi.

Ndunge anasema njia ya Machakos ina milima, ina malori, ina jua, na rejeta hiyo haijasafishwa ndani tangu tuoane. Anasema nimpelekee Mutie gari kesho. Kesho nina wateja. Na kwani si feni imeshapona?

Limebaki jambo moja. Norman amemwambia Annah atakuja Machakos na gari lake, atufuate kwa nyuma, ikitokea lolote. Siwezi kufika na bibi harusi huku lile gari likiongea nyuma yangu. Basi nimempigia simu sasa hivi, sauti ya upole. Nimemwambia abaki nyumbani kabisa Jumamosi, kwa sababu bibi harusi anaogopa magari mapya, tangu utotoni.

Amecheka sana. Nadhani ameamini.